Amri ya Mlango wa Nyuma

Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, Sajini mstaafu Ojera alikwama katikati ya ngazi za ofisi ya wastaafu, yeye na kiti chake cha magurudumu, na watu wenye haraka zao wakaanza kumpitia juu ya magoti.

Wachukuzi wawili walikuwa wamekubali kumpandisha kwa shilingi elfu kumi. Ngazi kumi za kwanza walikwenda vizuri, wakihema na kutukana kwa sauti ndogo. Ya kumi na moja ilikuwa kona. Aliyeichora kona ile alikuwa akifikiria watu wembamba wasiobeba kitu, kwani kiti kilipoanza kugeuka gurudumu moja liliuma ukuta, la pili likaingia chini ya bomba la kushikia, na kikawa hakipandi wala hakishuki.

"Inua huku," mmoja akasema.

"Huku wapi? Huku ni ukuta."

"Basi tulaze yeye kidogo."

"Hapana laza mimi," Ojera akasema. "Mimi siyo maiti."

Mkewe Alanyo alisimama chini na mfuko wa vyeti kifuani. Aliona kitu kilichomkera kuliko kona yenyewe. Bomba la kushikia lilikuwa upande mmoja tu, wa kushoto kwa mtu anayepanda, na upande wa kushoto wa Ojera ndio uliokufa tangu kiharusi kilipompiga miezi saba iliyopita. Mkono wake mzima ulikuwa upande wa ukuta mtupu. Mume wangu angeweza kushuka hizi ngazi, aliwaza kwa uchungu, ila hawezi kuzipanda.

Karani wa uhakiki, mwanamke aitwaye Rosalba, alitokea juu ya ngazi akiwa na kalamu nyuma ya sikio. "Mama, leta mzee mpaka huku juu."

"Dada, si unaona? Shusha mashine tu. Aweke kidole, tuende."

"Mashine haitoki. Imefungwa kwa meza. Na sheria inasema mtu afike mwenyewe."

"Amefika."

"Hajafika, nnyabo. Amefika kwa ngazi." Rosalba hakusema kwa ubaya, alikuwa amechoka tu. "Ijumaa saa kumi na moja jioni kompyuta inafunga. Mwenye kidole chake hakiko ndani, jina linatoka."

Jina likitoka, pensheni ilikuwa imekwenda, na kulirudisha kulichukua mwaka mzima kwa wenye bahati. Pensheni ile ndiyo iliyolipa chumba chao Makindye na vidonge vya presha vinne kwa siku. Alanyo hakuwa na haja ya kueleza hayo kwa mtu yeyote pale. Kila aliyekuwa kwenye foleni alikuwa na hadithi ileile.

Kukichomoa kiti kuliwachukua robo saa. Walipomfikisha chini, Ojera alikuwa amelowa jasho, na kifungo cha juu cha shati, ambacho hakukiacha wazi hata siku moja katika utumishi wake, kilikuwa kimekatika. Wachukuzi walidai elfu kumi yao yote. Alanyo akawalipa, kwa kuwa kosa halikuwa lao.

Askari wa zamu mlangoni, msichana mwenye nywele fupi na jina la Amito kifuani, alikiokota kile kifungo akampa. "Pole, mzee," alisema. Ojera alikipokea bila kumtazama.

*

Kabla ya kiharusi Alanyo alipita Kampala kama watu wote wanavyopita, bila kuiona. Miezi saba ya kusukuma kiti ilimfundisha kwa nguvu. Sasa alijua duka la dawa ambalo mlango wake unavutwa kuja kwako huku umesimama kwenye kijingazi, hivyo mwenye kiti arudi nyuma aanguke. Alijua hospitali yenye choo cha walemavu, mlango mpana kabisa, na ndani yake fundi kaweka sinki palepale mlango unapofungukia. Alijua benki yenye mteremko mkali uliohitaji wanaume wawili, mmoja wa kusukuma na mmoja wa kuomba dua.

Alijua na mazuri, maana yalikuwepo. Kulikuwa na msikiti karibu na kwao ambako mtu fulani alimwaga saruji kwa mteremko mpole hadi kwenye bomba la udhu, akaweka vyuma vya kushikia pande zote mbili, kimoja cha mtu mzima na kimoja cha mtoto. Alanyo alikuwa Mkatoliki, lakini siku ya kwanza alipopaona alisimama akamsifu fundi asiyemjua.

Jumatano alirudi ofisini peke yake kumbembeleza Rosalba. Dirisha la karani lilikuwa na kioo cheusi, na tundu la kusemea lilichongwa chini, usawa wa kitovu. Foleni nzima ya watu wazima, wengine walikuwa wakubwa wa vituo enzi zao, iliinama mmoja baada ya mwingine kama watu wanaotafuta sarafu iliyoanguka. Alanyo naye akainama.

"Hata nikitaka, siwezi," Rosalba akamwambia kwa lile tundu. "Wananikata kazi."

Lakini Alanyo alikuwa ameacha kusikiliza. Nyuma ya Rosalba, mwisho wa korido, palikuwa na mlango wazi kwa ajili ya hewa, na nje ya ule mlango aliona nyasi. Alihesabu upya. Ngazi ishirini na tatu alikuwa amezipanda, yuko ghorofa ya kwanza, na nyasi zilikuwa usawa wa sakafu.

Alishuka mbio, akazunguka jengo. Lilikuwa limekaa ubavuni mwa kilima, mbele lina ngazi, nyuma limeegemea udongo. Kutoka barabara ya juu palishuka njia ya saruji, pana, yenye mistari iliyokwaruzwa makusudi ili gurudumu lisiteleze, na mbele ya mlango palikuwa na nafasi ya kugeuzia. Kila kitu kilikuwa kimefikiriwa. Aliyeijenga njia ile alikuwa na akili, tena alikuwa na huruma, na Alanyo alitamani kulia kwa furaha.

Hatua mbili kabla ya mlango, nondo zilisimama kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, nene, zimepakwa rangi ya kijivu mara nyingi hadi zimevimba. Hazikuwa na kufuli wala mahali pa kutia kufuli.

"Hapo hapafunguliwi," sauti ikasema nyuma yake. Alikuwa Amito, amemfuata.

"Kwa nini?"

"Kwa nini sijui. Iko amri."

"Amri ya nani?"

Amito alikuwa na kitabu cha zamu kwapani. Kila asubuhi, anayepokea lindo hunakili amri za kudumu kwenye ukurasa mpya kabla hajaandika kingine chochote, na anayeruka moja huitwa kujieleza. Ndivyo walivyofundishwa, na ndivyo walivyowafundisha waliowafuata. Alikifungua akamgeuzia. "Soma, mama. Namba nne."

Alanyo akasoma. *Njia ya nyuma imefungwa. Isifunguliwe kwa sababu yoyote. Kwa amri ya Sajini Ojera, msimamizi wa ulinzi.*

Alisoma mara ya pili, taratibu. Kwamba mumewe aliwahi kulinda jengo hili alijua; njia hii hakuwahi kumtajia.

"Huyu Ojera ni nani?" akauliza.

"Mukubwa mmoja wa zamani. Mimi sijamuona. Labda alikufa."

"Labda," Alanyo akasema, akakifunga kitabu mwenyewe.

*

Alipika viazi na mboga ya malakwang, chakula cha kwao ambacho Ojera hakukikataa hata akiwa na homa. Akamkatia viazi vipande vidogo, akamwekea sahani upande wa mkono mzima. Alikaa mbele yake kwenye kigoda na hakugusa sahani yake.

"Baba Aloyo, nyuma ya ile ofisi kuna njia."

Ojera akaacha kutafuna.

"Umeiona?"

"Nimeiona. Njia nzuri sana. Imefungwa nondo."

"Hm."

"Nani alifunga?"

Alianza kutafuna tena, polepole, kwa upande mmoja wa mdomo. Nje mwenye nyumba alikuwa akigombana na mtu kuhusu maji. Alanyo alisubiri. Alikuwa ameolewa na huyu mtu miaka thelathini na moja, na hakuwahi kutaka neno lake kama alivyolitaka jioni ile. Kama angemdanganya sasa, hakujua angemsukuma vipi kesho.

"Wezi walikuwa wanapita huko," Ojera akasema.

"Nimeuliza nani."

Kijiko kikarudi sahanini.

"Ni mimi."

"Najua," Alanyo akasema. "Nimesoma jina yako kwa kitabu. Wanaandika kila asubuhi mpaka leo."

Basi akamweleza. Miaka kumi na minne iliyopita kompyuta mbili ziliibwa akiwa msimamizi wa lindo. Milango ilikuwa miwili na askari wanne kwa mchana na usiku. Aliomba waongezwe, akaambiwa watu hakuna, na kikipotea kitu kingine atakilipa yeye. Kwa hiyo alifunga mlango mmoja. Kwa hesabu ya ulinzi ilikuwa sawa, na wakubwa walimpa barua ya pongezi. Barua hiyo ilikuwa bado kwenye sanduku chini ya kitanda.

"Na wenye walikuwa wanapita huko?" Alanyo akauliza. "Si ilijengwa kwa ajili ya watu?"

"Walikuwa kidogo."

"Nani?"

Ojera alitazama mkono wake uliokufa, uliolala pajani. "Kulikuwa na mzee mmoja, Oyet. Mwanajeshi, bomu lilikata miguu. Alikuwa anatembea na mikono, amevaa ndala kwa mikono. Kila mwezi anakuja na ile njia ya nyuma, anaweka sahihi, anaenda."

"Ulipofunga?"

"Alipanda ngazi za mbele. Na makalio. Anakaa moja, anajivuta, anakaa ingine. Mimi nilikuwa nafuata nyuma, nabeba ndala zake."

"Ulikuwa unabeba ndala."

"Ndiyo."

"Ukimwambia nini?"

"Amri ni amri, mzee."

"Naye?"

"Alikuwa anasema asante kwa ndala."

Alanyo aliinuka akachukua sahani, ingawa mumewe hakuwa amemaliza, akatoka nayo uani. Aliosha kile kijiko kimoja kwa muda mrefu mno. Alimchukia Ojera kwa dakika kadhaa, chuki ya kweli kabisa, kisha akakumbuka kifungo kilichokatika na watu wakimpitia juu ya magoti, na akashindwa kuendelea.

Aliporudi ndani, Ojera alisema bila kuinua kichwa, "Nenda Katwe, Mama Aloyo. Uliza fundi Habib. Yeye ndiye alichomelea. Aje na gesi, akate."

"Akate mali ya serikali, tulale ndani sisi watatu?"

"Nenda tu."

*

Fundi Habib alikuwa wa ukoo uliofuata biashara kutoka pwani enzi za babu wa babu yake, na Kiswahili hakikuwahi kutoka nyumbani mwao. Karakana yake ilikuwa bonde la Katwe, katikati ya kelele za nyundo, lakini Alanyo aliona mara moja kwamba ilikuwa ya mtu anayefikiri. Sakafu ilipandishwa kiganja kimoja, maji ya mvua yapite pembeni. Meza ya kazi ilikuwa fupi, kwa mtu aliyekaa. Geti jipya lilisimama likisubiri mwenyewe, na Habib alikuwa akilijaribu kwa kiwiko, anasukuma, linafunguka, anarudisha.

"Kwa nini kiwiko?" Alanyo akauliza hata kabla ya salamu.

"Mwanamke anayerudi kutoka kisimani ana ndoo mbili, mama. Mkono atautoa wapi?" Akatabasamu. "Karibu. Una shida gani?"

Alipomtajia ofisi na jina la mumewe, tabasamu likaondoka. Habib alizima mashine yake, akavua miwani myeusi, akakaa.

"Afande aliniambia nichomelee hadi ukutani kotekote. Nisiache hata tundu la panya, ndivyo alivyosema. Nami nikaitikia." Alifuta miwani kwa ncha ya kanzu. "Sasa naona haya kukwambia, maana nililipwa kuchomelea. Mimi sikuchomelea."

"Unasema nini?"

"Nilipokuwa napima, alifika bwana mmoja asiye na miguu, ndala mikononi. Akaniuliza, fundi, mimi nitapita wapi? Nikamjibu sijui, nimetumwa. Siku ile chakula hakikunipita kooni. Nikalitengeneza kama geti. Bawaba nimezificha ndani ya bomba la kulia. Upande wa kushoto, chini kabisa, kuna nati mbili, nimezivika vikofia vya bati. Ukivitoa ukafungua nati, lote linazunguka kama mlango wa chumbani."

Alanyo alimtazama. "Miaka kumi na nne linafunguka?"

"Linafunguka."

"Na hukusema?"

"Nilimwogopa afande. Nilidhani iko siku atajuta aje kuuliza, nami nimwoneshe. Mwaka ukapita, na wa pili. Baadaye nikasahau, Mungu anisamehe."

"Huyo mtu alikuwa anapanda ngazi na makalio, fundi. Na geti inafunguka."

Habib aliinuka, akapekua kisanduku, akaja na spana moja na kichupa cha mafuta ya taa. "Namba kumi na tisa. Niliweka nati za kawaida ili mtu yeyote aweze. Mimina mafuta, subiri kidogo, kisha fungua. Usilazimishe kwa pupa." Alanyo alipofungua pochi, fundi akamshika mkono. "La, mama. Kazi ile nililipwa nikaifanya nusu. Kusema ndiyo nusu iliyobaki."

*

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri, na kupandisha kiti hadi barabara ya juu kuliwachukua muda ambao Alanyo hakuupangia. Walifika nyuma ya ofisi saa tisa na robo. Alanyo alifunga breki za kiti kwenye saruji yenye mistari, akapiga magoti mbele ya nondo, na kabla hajatoa spana Amito alikuwa amekuja na bunduki begani.

"Mama, hapana. Niliambia wewe Jumatano."

"Sivunji. Nafungua. Lilitengenezwa lifunguke."

"Hata kama. Amri inasema isifunguliwe kwa sababu yoyote. Sasa wewe unaniletea sababu."

"Piga simu kwa bosi yako."

Amito alipiga. Alisogea pembeni, akaongea kwa adabu, akarudi. "Anasema tufuate kitabu."

Wastaafu waliokuwa wamekata tamaa chini ya ngazi walianza kuzunguka kuja kutazama, mmoja na fimbo, mwingine akishikwa mkono na bintiye. Ndani ya korido Rosalba alionekana akichungulia saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi.

"Binti," Ojera akasema. Ilikuwa mara ya kwanza anafungua mdomo tangu watoke nyumbani. "Lete kitabu."

"Mzee, kitabu ni ya lindo."

"Najua ni ya nani. Soma namba nne. Kwa sauti."

Amito alisoma. Alipofika kwenye jina, Ojera alitoa kitambulisho kutoka mfukoni kwa mkono wake mzima, akakinyoosha. Amito alikitazama, akamtazama yeye, akakitazama tena. Bila kujua afanyeje, aligonga buti akasimama wima.

"Ni mimi," Ojera alisema, na hakumwambia Amito peke yake. Aliwageukia wale wa fimbo na wale wa kushikwa mkono. "Mimi ndiye nilifunga hii njia. Hakuna mtu alinituma. Niliona watu wenye walikuwa wanapita hapa ni kidogo, nikasema watazoea ngazi." Akamnyooshea Amito mkono. "Lete kitabu, binti. Na kalamu."

Mzee wa fimbo alisonya. Hakuna aliyesema neno la kumfariji, na Alanyo hakulitarajia.

Amito akamwekea kitabu mapajani. Ojera aliandika polepole, kitabu kikimteleza kwa kukosa mkono wa kukishika, hadi Alanyo alipoinama akakishikilia. *Amri namba nne imefutwa. Aliyeiandika alikosea. Sajini mstaafu Ojera.* Akaweka tarehe na saa, kama alivyofundishwa.

Amito akasoma, akatikisa kichwa. "Mzee, hii siyo halali. Wewe ulistaafu."

"Miaka tisa imepita tangu nistaafu. Na kila asubuhi bado mnanitii." Alimtazama usoni. "Nitii mara moja tena. Basi."

Amito alitazama barabarani, akatazama kitabu, akakifunga. Kisha akahamishia bunduki bega la pili na kusema kwa sauti ndogo, "Fungua, mama. Haraka."

Alanyo alikwangua rangi kwa mpini wa kijiko alichokitoa pochini. Vikofia vilikuwepo, viwili, palepale Habib aliposema. Akamimina mafuta, akasubiri huku akihesabu kimoyomoyo, akaingiza spana. Nati ya kwanza ilikataa, ikalia, ikazunguka. Ya pili haikujibu. Akajaribu kwa mikono miwili hadi ngozi ya kiganja ikachunika. Saa ya korido ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na tano.

"Usilazimishe," Ojera akasema.

"Nyamaza."

Akamimina mafuta yaliyobaki. Walingoja tena, wote wakiwa wameinamia nati moja iliyokula kutu, na mtu nyuma akaanza kusali kwa Kiacholi. Amito akamsogeza Alanyo taratibu, akaiweka buti yake juu ya mpini wa spana, akakanyaga kwa uzito wake wote. Nati ikaachia.

Geti lilizunguka kama mlango wa chumbani.

*

Rosalba hakuuliza lolote. Alipoona kiti kinaingia kwa mlango wa nyuma aliinuka, akazunguka meza, akavuta ile mashine aliyosema imefungwa kwa meza. Waya wake ulikuwa mrefu. Uliufikia mkono wa Ojera na kubaki. Alanyo aliuona ule waya na hakusema kitu, ingawa ulimchoma.

Mara ya kwanza kidole kilikataliwa.

"Mkono ni baridi," Rosalba akasema. "Sugua."

Alanyo akakisugua kidole gumba cha mumewe katikati ya viganja vyake viwili, kile kimoja kikiwa kinavuja damu, akakifuta kwa kitenge. Kikakataliwa tena. Mara ya tatu taa ikawa kijani, na jina lake likatokea kwenye kioo cha kompyuta, kamili. Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini na tatu. Nyuma yao mzee wa fimbo alikuwa tayari ameingia, na yule aliyeshikwa mkono na bintiye, na hakuna aliyekuwa amewaita.

Alanyo alitaka kukaa chini pale sakafuni. Lakini Ojera hakutoa ishara ya kuondoka.

"Dada, nitafutie mtu," akamwambia Rosalba. "Oyet. Mwanajeshi, hana miguu. Anakuja siku gani hapa?"

"Mzee, kuna foleni."

"Tafadhali."

Rosalba akaandika, akangoja, akasogeza uso karibu na kioo. "Oyet yuko. Lakini jina lilitoka."

"Lilitoka lini?"

"Miaka sita. Tulipoleta hii mashine." Akasoma. "Hakufika uhakiki."

"Alikuwa anafika kila mwezi."

"Ndiyo, kuweka sahihi. Uhakiki hakufika. Imeandikwa hivyo."

"Alikufa?"

"Hapa haijaandikwa amekufa. Imeandikwa hakufika tu." Akasita, kisha akamwandikia anwani ya zamani kwenye kipande cha karatasi, Bwaise, nyuma ya kinu cha mahindi. "Nenda, mzee, bambi, nakuomba. Wengine wanangoja."

Alanyo akageuza kiti. Walipofika kwenye geti, Amito alikuwa amesimama na zile nati kiganjani, nyeusi kwa mafuta na kutu.

"Afande, mkipita nirudishe?"

Ojera akanyoosha mkono. Amito akampa. Alizitia nati mbili kwenye mfuko wa shati, akabonyeza kifungo cha mfuko kwa kidole gumba, mara ya kwanza kikakataa, akabonyeza tena hadi kikaingia.

"Sasa nitafunga na nini?" Amito akauliza.

Ojera akampa Alanyo ile karatasi. Mkewe aliisoma, akaikunja, akatoa breki, akaanza kusukuma juu ya saruji yenye mistari, na magurudumu hayakuteleza.

"Leo?" akauliza.

"Leo."

"Bwaise na mvua hii ni maji matupu. Kwake kukoje? Kuna ngazi? Tutaingia vipi?"

Ojera aliitazama barabara ya juu iliyokuwa mbele yao.

"Sijui," akasema. "Mimi nilikuwa nabeba ndala. Sikumuuliza hata siku moja."